Ishirini kwa ishirini: kiwanja kilichopungua nusu na hakuna aliyeiba

Nachora ramani za nyumba, hizi za kawaida za vyumba viwili vitatu, na wateja wangu wengi ni watu wa kujenga kidogo kidogo, leo msingi, mwakani boma, mwaka wa tatu ndo wanapaua. Kisa hiki kimemkuta mmoja wao. Majina nimeyatoa, mtaa nimeutoa, bei nimezizungusha kidogo ili asijulikane mtu, ila vipimo nimeviacha kama vilivyo maana bila vipimo hakuna kisa. Na mimi mwenyewe nimo kwenye waliokosea, nasema mapema usije ukafika katikati ukadhani nawasema wengine.

Usuli

Mteja ni dada mmoja mwajiriwa, tumwite Mama D. Alikuwa anatafuta kiwanja pembezoni mwa Dar, kule ambako mashamba ya minazi na mikorosho yanakatwa vipande vipande. Dalali akampeleka kwa mzee mmoja mwenye eneo lake la siku nyingi, anauza kipande kwa milioni 6, ukubwa "20 kwa 20". Dada kaenda kukiona Jumamosi jioni, kapapenda, gari inafika, nguzo ya umeme iko karibu, mpaka wa kushoto ni mnyaa wa jirani na wa kulia ni kisiki cha mnazi. Wakaandikishana serikali ya mtaa, mjumbe yupo, mashahidi wa kila upande wapo, picha za paspoti, muhuri, kila kitu. Karatasi inasema kiwanja chenye ukubwa wa 20 kwa 20. Basi. Ishirini nini, haikuandikwa, na watu wazima saba waliosaini hakuna aliyeuliza.

Usiwacheke. Fikiria tunavyoishi na vipimo. Kitanda ni 5 kwa 6 na hiyo ni futi, godoro lake unene ni inchi 8, nondo ni milimita 12 lakini urefu wa nondo hiyo hiyo fundi atakwambia futi 40, bati geji 28 na hapo namba ikipanda bati linakuwa jembamba, mbao 2 kwa 4 ni inchi ila urefu wake ni futi 12, bomba la nusu inchi, tofali la inchi 6, saruji kilo 50, mchanga tripu, kokoto ndoo. Hivyo vyote viko kwenye nyumba moja na daftari moja la matumizi, na mtu aliyewahi kujenga anavisoma bila kukwama. Hata kile kifaa chenyewe cha kupimia tunakiita futi, "niletee futi hapo", wakati upande mmoja kina sentimita. Hatuandiki kipimo kwasababu kila kitu kina kipimo chake na wote tunakijua.

Sa shida inakuja kwenye ardhi, maana ardhi haina kimoja. Kwenye matangazo ya viwanja mjini 20 kwa 20 ni mita, hakuna mjadala, bei yenyewe inatajwa kwa skwea mita. Nenda kwa wenye mashamba, 20 kwa 20 ni hatua. Vuka mpaka uende Kenya, mtu akikwambia ana ploti ya 50 kwa 100 ni futi, na wenyewe wanaihesabu kama sehemu ya nane ya ekari ingawa ekari ni futi za mraba 43,560 na 50 kwa 100 inakupa 5,000 tu, sehemu ya nane kamili haifiki.

Na hatua siyo kipimo cha kihuni jamani. Wakulima wanasema ekari ni hatua 70 kwa 70, ukipiga hesabu inakaa vizuri mno, ekari ni yadi za mraba 4,840 na 70 mara 70 ni 4,900. Yaani hatua ya shambani ni yadi, sentimita 91 na pointi, hatua ya mtu anayetanua miguu kwa makusudi. Kwenye shamba la mahindi ukikosea hatua mbili umepoteza mistari michache. Kwenye kiwanja hatua mbili ni chumba cha mtoto.

Ilivyotokea

Mama D alinitumia karatasi ya mauziano kwa simu akaniambia anataka vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, sehemu ya kulia, jiko la ndani. Nikaona 20 kwa 20, nikaandika mita 20 × mita 20 juu ya karatasi yangu na nikaanza kuchora. Sikwenda saiti. Kwenda na kurudi ni nusu siku na yeye alikuwa na haraka, na mimi ishirini nilishaijua ni ya nini. Hapo ndo kosa langu lilipo na sina pa kulikimbizia.

Nikachora nyumba ya mita 12.5 kwa 11. Kwenye kiwanja cha mita 20 upana unabakiwa na mita 3 na robo tatu kila upande, nyuma unapata pa kuchimba shimo la choo, mbele gari inaingia. Ramani nzuri tu. Akaniambia imependeza, akafyatulisha tofali 900 za inchi 6, akashusha nondo na tripu mbili za mchanga.

Siku ya kuseti msingi fundi kaanza kazi saa moja asubuhi. Kapima 3.75 kutoka kwenye mnyaa, kagonga kigingi cha kwanza. Akavuta futi kamba mita 12.5 kwenda kulia atafute kona ya pili, na kigingi kikaangukia kwenye mihogo ya jirani, mita mbili ndani kabisa ya mihogo. Akarudia. Akamwambia saidia fundi ashike upande ule vizuri, akarudia tena. Halafu akanipigia.

"Bosi, ramani hii ni ya kiwanja gani?"

Nikamwambia asigonge kingine, namfuata. Nilipofika tukapima kiwanja chote: mbele mita 14.2, nyuma 13.8, upande mmoja 14.6, mwingine 14.9. Ukitafuta wastani ni kama 14 kwa 14.75, skwea mita 206 hivi. Dada alikuwa anajua ana 400.

Hapa watu wengi huwa wanashangaa, wanasema mbona kutoka 20 kwenda 14 siyo nusu. Urefu siyo nusu, umepungua kama asilimia 30 tu. Lakini umepungua upande huu na upande ule, na eneo unazidisha, asilimia 70 ya asilimia 70 ni 49. Ndo maana mtu akikiangalia kiwanja kwa macho haoni tatizo, jicho linaona urefu, haliioni zidisha. Kwa pesa ni hivi: alidhani kanunua kwa elfu 15 kila skwea mita, kumbe kanunua kwa elfu 29.

Maamuzi, na kwanini

La kwanza lilikuwa pale pale saiti. Vibarua wameshafika, hela ya siku inahesabika, fundi akasema tunaweza kuisogeza nyumba katikati ikakaa, itabaki sentimita 85 kila upande. Ni kweli ingekaa. Mama D alikuwa tayari kabisa. Nikakataa, na sababu hazikuwa za kitaalamu sana: sentimita 85 madirisha yanatazama mnyaa, jirani naye akijenga hivyo hivyo hakuna hewa wala jua, na shimo la choo halina pa kwenda. Tukawalipa vibarua nusu siku wakaondoka. Iliuma.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Kaka yake mkubwa alifika mchana akiwa moto, anataka twende polisi, anasema huu ni utapeli wa wazi. Nikamwomba asome karatasi. Karatasi haijasema mita. Popote utakapoipeleka utaulizwa mita umezitoa wapi, na jibu la kweli ni kwamba tumezitoa kichwani. Mjumbe, mama mmoja mtulivu sana, akasema kabla ya kumwita mtu mwizi tupime kwanza wote tukiwepo, mzee, majirani wa pande zote, na fundi na kamba yake. Tukapanga Jumapili asubuhi.

Jumapili asubuhi

Mzee akaja na kanzu yake na bakora. Tukamwamkia, akaitikia kila mmoja. Dada akamwambia, "Mzee, kiwanja hakifiki ishirini." Mzee akamjibu, "Mwanangu, ishirini hii hapa, nakuhesabia."

Akaenda kwenye mnyaa akasimama kisigino kimegusa shina, akaanza kutembea, anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, bila kuharakisha na bila kuvuta mguu, huku fundi kalaza futi kamba chini pembeni yake. Ishirini ikaishia kwenye kisiki cha mnazi. Ishirini kamili, huwezi kumtoa hata kidole. Kamba inasoma 14.2. Hatua ya mzee ni sentimita 71.

Pakawa kimya kidogo. Halafu yule kaka mtu, ambaye ni mrefu, akasema ngoja na mimi. Akatoka kwenye mnyaa akafika kwenye kisiki na hatua 16. Watu wakacheka, hata mzee akacheka, na nadhani kile kicheko ndo kiliokoa jambo lote, maana toka hapo neno utapeli halikurudi tena. Mizani ya sokoni Wakala wa Vipimo wanaikagua na kuipiga muhuri, ila mguu wa mzee umepima mashamba miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kuukagua.

Baada ya hapo ikawa ni mazungumzo, kama masaa matatu. Hoja ya Mama D: mimi nimelipa milioni 6 nikijua ni mita, kwa nusu ya kiwanja nisingelipa. Hoja ya mzee: mimi nimekuuzia kutoka mnyaa mpaka kisiki, umekuja, umesimama hapa, umeona kwa macho yako. Nikiwa mkweli sijui ningemkatalia nani kati yao. Mjumbe ndo akapata njia. Nyuma ya kiwanja mzee ana eneo, akaulizwa anaweza kutoa kiasi gani, akasema mpaka kwenye mkorosho, mkorosho wenyewe hauuzwi. Tukapima, mita 6. Wakakubaliana dada aongeze milioni 1 kwa kipande hicho badala ya bei ya mtaani.

Matokeo

Kiwanja sasa ni mita 14 kwa 20.75 kwa wastani, skwea mita 290. Jumla kalipa milioni 7, ambayo ni kama elfu 24 kwa skwea mita. Siyo elfu 15 aliyoiota lakini siyo 29 tena, na majirani wote walishuhudia.

Karatasi mpya niliisaidia kuiandika. Kila upande peke yake kwa mita, siyo "20 kwa 20" ya jumla. Tukaongeza na kona kwa kona, mita 25. Hiyo ya kona kwa kona watu wengi wanairuka na ni kosa, kwasababu pande nne peke yake hazikamati umbo, chukua mbao nne uzigongee misumari pembeni utaona unaweza kuzisukuma zikalala, urefu wa kila mbao ni ule ule ila eneo linapungua. Ukishaweka ya kona kwa kona halisogei tena.

Nyumba nikachora upya, mita 10.5 kwa 11, vyumba vitatu vimebaki ila vimebana, kutoka mita 3.6 hadi mita 3. Na hapa nilijifunza kitu. Ramani ya kwanza nilimwonyesha namba, akaitikia imependeza. Ya pili nilipomwambia chumba ni mita 3 kwa 3 akaitikia vile vile, imependeza, nikajua hajaona kitu. Nikachora kitanda ndani. "Hiki ni 6 kwa 6." Akakiangalia muda mrefu akasema kabati linakaa wapi. Ndo mazungumzo ya kweli yakaanza hapo, maana futi 6 ni mita 1.83, inabaki mita 1.17, ukiweka kabati la sentimita 60 unapita kwa ubavu. Tukabadilisha vyumba viwili viwe vya kitanda cha 5 kwa 6. Mita alikuwa anazisoma, kitanda anakijua mwilini.

Msingi uliseti vizuri. Fundi alitafuta kona kwa ile njia ya 3, 4, 5, upande mmoja 3, mwingine 4, mshazari ukisoma 5 kona imenyooka. Nilimwangalia anafanya kwa futi, sikumgusa, maana hiyo hesabu haijali, futi, mita, hata hatua za mzee zingetoa kona nzuri ili mradi aliyetembea ni mmoja.

Ningependa niishie hapo ila kuna milango. Baada ya lile sekeseke fundi ujenzi aliamua kufuata ramani kwa milimita, nafasi za milango akaacha 2100 kwa 900 kama nilivyoandika. Seremala yeye alipigiwa simu akaambiwa milango sita ya kawaida. Ya kawaida kwa seremala ni futi 7 kwa 3, ambayo ni milimita 2134 kwa 914. Fremu zikaja zimezidi sentimita 3 na nusu kwenda juu na sentimita 1 na nusu kwa upana. Juu kuna linta, ule mkanda wa zege juu ya mlango, ina nondo huwezi kuchonga, tukakata miguu ya fremu, pembeni tukachonga tofali, na milango yenyewe ikarudi kwa seremala kupunguzwa chini. Siku mbili na ufundi wa ziada.

Nini kilifanya kazi, nini kilifeli

Ukiuliza watu pale mtaani watakwambia tatizo lilikuwa hatua, siku hizi mtu unapimaje kwa miguu. Mi sikubali. Mzee alipima sawasawa na alirudia mbele ya kadamnasi akapata jibu lile lile, ni watu wangapi wenye futi kamba wanaweza hivyo? Kilichofeli ni ile nafasi tupu baada ya namba. Mzee aliijaza kwa hatua, dada akaijaza kwa mita kwasababu ndo alivyozoea kuona kwenye matangazo, mimi nikaijaza kwa mita kwasababu ni kazi yangu, na kila mmoja alikuwa na uhakika kiasi kwamba hata hakujua kuna kitu amejaza. Hata kama ingekuwa ni hatua ya yadi, ile ya 70 kwa 70, bado 20 kwa 20 ni skwea mita 334 na ramani yangu ya kwanza ingebana.

Mlolongo wa kukamata kosa ulikuwepo, watu saba na muhuri. Lakini wote walikagua utambulisho, nani anauza, nani ananunua, hela imepokelewa. Aliyekuja kukagua kiwanja ni fundi na kigingi, wakati tofali zimeshafyatuliwa. Kamba ya mita 50 Jumamosi ile ya kwanza ingechukua dakika kumi.

Kusimamisha kazi kulilipa, ingawa siku ile nilionekana mtu mbaya. Kupima hadharani kulilipa zaidi ya chochote. Nikijiuliza ingekuwaje kama tungemwendea mzee na karatasi za mahesabu ya skwea mita, naona kabisa angekasirika, maana tungekuwa tunamwambia hajui kuhesabu. Alipohesabu mwenyewe na kamba ikiwa pembeni yake hakuna aliyeshindwa.

Ya milango ni yangu tena. Nilidhani nimeshaponya ugonjwa kwasababu ardhi imeandikwa vizuri, kumbe nimeponya karatasi moja. Fundi kahamia mita, seremala yuko futi, na neno "ya kawaida" limefanya kile kile kilichofanywa na "20 kwa 20". Siku hizi orodha ya milango na madirisha naandika vipimo viwili mstari mmoja, futi na milimita, na nampigia seremala aniambie fremu anayoitengeneza yeye inasoma ngapi upande wa sentimita. Wengine wanaudhika. Sijaribu kumhamisha mtu futi, mbao anazonunua zinauzwa kwa inchi na futi, atahamia vipi.

Mzee aliuza kipande kingine upande wa pili mwezi uliofuata. Alipima kwa hatua, ila mnunuzi alikuja na kamba yake, na mjumbe akaandikisha zote mbili: hatua 20, mita 14 na nusu.